Kumuuguza Kuku Aliyejaa Gole

Mara nyingi kinachomuua kuku mwenye ugonjwa wa gole ni haraka ya mwenyewe. Mtu anamwona kifua kimetuna, kajikunyata pembeni ya banda, shingo anaipinda huku na huku, mdomo anaufungua na kuufunga bila kutoa sauti. Hapohapo anamkamata, anamgeuza miguu juu kichwa chini, anaminya. Maji machafu yanatoka mdomoni na mengine yanaingia kwenye mapafu. Jioni kuku amekufa, na nyumba nzima inasema gole limemuua.

Haya ninayoyaandika ni kwa mwenye kuku watano au sita uani, ambaye kati yao yupo mtetea mmoja mwenye jina lake, akiitwa anakuja, watoto wanamlisha mkononi. Majirani watakucheka. Watakuambia mchinje, mle, mwingine utanunua. Wapo watakaokuhimiza umwahi kwa kisu kabla hajawa mzoga. Waache. Nyama ya kuku ambaye hamjui anaumwa nini si ya kukimbilia sufuriani, na tatizo la gole likigunduliwa mapema linatibika nyumbani kwa vitu ambavyo tayari unavyo.

Gole ni mfuko laini ulio mwisho wa shingo, juu ya kidari, umeelemea upande wa kulia wa kuku. Kuku hana meno. Anadonoa upesi, anajaza gole, kisha chakula kinalowa humo na kushuka kidogo kidogo hadi kwenye tumbo lenye tezi, halafu kwenye firigisi, ambako kinasagwa kwa vijiwe alivyomeza. Kwa hiyo gole lililotuna saa kumi na moja jioni si ugonjwa, ni akiba ya usiku. Ukilishika saa hiyo linabonyea kama unga wa chapati uliokandwa, na kuku mwenyewe mchangamfu. Wengi huhangaika na kuku mzima kwa sababu wamemshika saa isiyo yake.

Saa yake ni alfajiri. Kuku wakishapanda kulala, ondoa chakula chote bandani. Asubuhi, kabla huyo unayemshuku hajadonoa hata punje, mpakate: mbawa zake zibane kwa mkono mmoja, kifua kielekee mbele, kisha pitisha vidole vya mkono wa pili chini ya shingo. Gole la kuku mzima wakati huo limekwisha kumwaga chakula chote. Unagusa ngozi tu, pengine unalikosa kabisa. Ukikuta limejaa, basi lina shida, na vidole hivyohivyo vitakuambia ni shida gani. Likiwa gumu, lina donge lisilobonyea au tonge la nyasi unalolihisi limesokotana, limeziba. Likiwa laini, maji au hewa vinachezacheza ndani, na mdomo wake unanuka uchachu, limechacha. Likiwa limelegea, linaning'inia mpaka linagusa nyasi anapoinama kula, hilo ni la siku nyingi, misuli yake imechoka. Usishangae kukuta mawili kwa pamoja: gole lililoziba likikaa siku kadhaa, kilichomo huoza na kuchacha.

Kabla hujagusa dawa yoyote, tazama kuku wengine. Gole lililoziba humpata kuku mmoja. Ukiwa na watatu wanaokohoa, wanaharisha kijani, mmoja shingo imempinda, hapo unaukabili mdondo, ambao wengine huuita kideri, na kuuguza gole ni kupoteza muda. Kuku wa banda hilo wasitoke, na mpigie ofisa mifugo wa kata. Mdondo hauna tiba. Una chanjo tu, ile ya matone jichoni ambayo wafugaji wa kuku wa kienyeji hurudia kila baada ya miezi mitatu. Ugonjwa wa Marek nao hujificha nyuma ya gole: unashambulia neva, na neva inayoliendesha gole ikipooza, chakula kinasimama palepale hata kama hakuna kilichoziba. Dalili yake inayojulikana zaidi ni kuku mchanga, wa miezi michache, anayelala mguu mmoja mbele na mwingine nyuma. Huyo humponyi kwa kumsugua kifua. Vilevile mtetea aliyekwamwa na yai husimamisha gole. Chungulia nyuma yake, uone kama anajikamua.

Haya, umeshajua ni gole. Mtenge. Boksi kubwa au tenga lenye gazeti chini linatosha, pahali penye joto na utulivu, lakini awasikie wenzake, maana kuku peke yake hunyong'onyea. Gazeti usilidharau. Kuku anayetagia, kunyea na kukwaruza juu ya maranda hakuelezi chochote, ila juu ya gazeti unaona kila kinyesi. Kinyesi kidogo, cha kijani kilichokolea, chenye majimaji, maana yake ni nyongo inashuka kwenye utumbo mtupu: chakula hakipiti. Kinyesi kikianza kurudi na umbo, na kofia yake nyeupe juu, njia imefunguka, hata kama gole bado halijapungua sana kwa macho. Mpime uzito pia kila asubuhi kwa mzani wa jikoni au ule wa ndoano, na uandike. Gole lililojaa humdanganya mtu aone kuku mnene. Mfupa wa kidari hausemi uongo: ukiwa mkali vidoleni, kuku anakonda.

Tuanze na gole lililoziba, kwa kuwa ndilo ambalo mikono yako ina nafasi ya kufanya kazi. Siku ya kwanza asile kitu. Anywe maji, na maji hayo yawe vuguvugu, kwa sababu donge linalainika upesi zaidi. Ukiona hanywi mwenyewe, chukua bomba la sindano lisilo na sindano, lile dogo la dukani, na umpe mililita mbili tatu kwa mara moja. Hapa ndipo pa kwenda taratibu kuliko kote. Ukimfungua mdomo utaona ulimi, na nyuma tu ya ulimi kuna tundu linalofunguka na kufumba. Hilo ni tundu la pumzi. Maji yakimwagwa kwa kishindo yanaingia humo. Elekeza ncha ya bomba pembeni mwa mdomo, dondosha, ngoja ameze, dondosha tena. Kichwa kikae katika hali yake ya kawaida, usikivute juu. Akikohoa au akipiga chafya, acha kabisa, mpumzishe.

Baada ya maji, mafuta. Mafuta ya alizeti, ya nazi au ya zeituni, yoyote uliyonayo jikoni ambayo hayajakaangiwa samaki, nusu kijiko cha chai asubuhi na nusu jioni. Yanateleza katikati ya nyasi zilizosokotana na kuzilegeza. Zaidi ya hapo si bora. Mafuta mengi yatamharisha na kumchafulia manyoya, na yakipotea njia yakaingia kwenye mapafu hayatoki. Mafuta ya nyonyo, ambayo wazee walituogopeshea nayo utotoni, mwachie mwenyewe aliyeyabuni. Yanaukamua utumbo kwa nguvu ambayo kuku aliyeishiwa maji hana.

Kisha vidole. Mkalishe mapajani, kifua kikielekea nje, mfunike macho kwa kanga kama ana wasiwasi. Weka ncha za vidole kwenye gole na uvunjevunje lile donge kwa mizunguko midogo, ukianzia pembeni ambako pamelegea, si katikati palipo pagumu. Dakika tano, mara nne kwa siku. Nguvu ni ile unayotumia kumpaka mtoto mchanga mafuta, haizidi hapo. Mwanzoni utadhani hufanyi kitu. Mara ya tatu au ya nne kuna kitu kinaachia, unahisi vipande vinatengana. Usifurahi ukaanza kuminya kuelekea mdomoni. Kazi yako ni kulainisha. Kushusha ni kazi ya gole lenyewe, nalo lina misuli yake.

Siku ya pili alfajiri, shika tena kabla ya kitu chochote. Likiwa limepungua hata kwa robo, uko njiani, na sasa anaweza kula kidogo: chakula cha kuku wa mayai kilicholoweshwa hadi kikawa rojo, kijiko kimoja cha chakula, asubuhi na alasiri, au yai lililochemshwa na kupondwa. Nyasi, mchicha mzima, mahindi makavu, mtama, vyote vingoje. Likiwa halijabadilika, rudia siku hiyo yote maji, mafuta na vidole. Ila usimfungishe njaa zaidi ya hapo. Kuku mgonjwa hana akiba mwilini ya kungoja siku tatu kavu, na rojo jepesi kwa kiasi kidogo litapenya pembeni mwa donge.

Siku ya tatu isipoonyesha nafuu, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Wakati mwingine donge ni kitu ambacho mafuta hayawezi: mfuko wa nailoni, kamba ya manila, uzi wa fundi cherehani, nyuzi za katani, nywele za rasta zilizofagiwa kutoka saluni ya jirani. Daktari hulipasua gole, akalisafisha, akashona ukuta wa gole peke yake na ngozi peke yake. Najua wapo watu, hasa vijijini, wanaofanya hivyo wenyewe kwa wembe na uzi wa kushonea, na nimeona kuku waliopona. Lakini anayeshona vyote viwili kwa mshono mmoja huacha tundu linalovuja chakula chini ya ngozi, na kuku anapasuliwa mzima mzima, bila ganzi. Kama daktari hapatikani na kuku anateseka, bora kisu cha kumchinja kuliko wembe wa kumjaribia.

Gole lililochacha lina tabia nyingine, na mengi niliyokwisha kuyasema hayafai hapa. Kilichomo ni maji yaliyooza, na anayestawi humo ni fangasi aitwaye Candida, ambaye hata kuku mzima anaye kwa kiasi kidogo. Anaongezeka chakula kikikaa, na anaongezeka sana bakteria wema wakiuawa. Ndiyo maana yule aliyempa kuku oksitetrasaiklini ya unga wiki nzima, kwa sababu tu alipiga chafya, anashangaa kumkuta na gole la maji wiki inayofuata. Ukimfungua mdomo unaweza kuona utando mweupe usiotoka kwa kufuta. Usimsugue huyu. Ukimsugua yatapanda mdomoni na kumkaba. Na usimtapishe; hata madaktari wanaomwaga gole hutumia mpira mwembamba na mkono uliozoea.

Mwondolee chakula kwa saa kumi na mbili hadi ishirini na nne, maji safi yabaki. Kisha dawa ya fangasi, nistatini, ambayo daktari wa mifugo ataipima kwa uzito wa kuku. Hapa ndipo ile hesabu ya kila asubuhi inapolipa. Dawa hiyo inafanya kazi kwa kugusana na fangasi, kwa hiyo hutolewa gole likiwa tupu au karibu tupu, chakula baadaye. Madukani utauziwa pia mrututu wa kutia kwenye maji. Umetumika zamani kwa fangasi wa kuku, ni kweli, lakini ni sumu ukizidi kidogo, na kipimo cha kijiko na kukadiria hakiufai. Mimi ningeuacha.

Na sasa vile vitu anavyopewa kila kuku mgonjwa bila kuulizwa anaumwa nini. Glukosi kwanza. Kwa gole lililochacha, glukosi, uji, mkate na asali ni karamu ya fangasi. Ondoa. Siki wengi wanaisifu, kijiko kimoja cha chakula kwa lita moja ya maji. Sina ugomvi nayo kama kinga, ila kwa gole ambalo tayari ni chachu haina cha kuongeza, na isiwekwe kwenye chombo cha bati, kwani inayeyusha zinki iliyopakwa juu yake na kuku atainywa. Shubiri, kitunguu saumu, pilipili: kuku hausikii ukali wa pilipili, kwa hiyo humwadhibu wala humtibu. Mafuta ya taa ndiyo mabaya kuliko yote. Mvuke wake na tone lake vyote hukimbilia kwenye mapafu. Mtu akija na kibatari mkononi, mkaribishe chai, umwage alichokileta.

Mtindi mtupu usiotiwa sukari, nusu kijiko cha chai ndani ya rojo, unaweza kusaidia baada ya fangasi kupungua. Usizidishe, tumbo la kuku halimudu maziwa mengi.

Kuhusu gole linaloning'inia nitasema machache kwa sababu machache yanawezekana. Halirudi lilivyokuwa. Unaweza kumtunza kwa milo midogo ya laini, mara nne kwa siku badala ya kilishio kinachokaa wazi, na wengine hulishikilia kwa kitambaa kilichofungwa kuzunguka kifua na mabega, ambacho ni lazima kifunguliwe kila siku uone kama hakimchubui. Akiishi hivyo miaka miwili ana raha, vizuri. Usimwangulishe vifaranga tu, maana udhaifu huu huenda kwenye damu.

Akipata nafuu, rudisha vyakula kwa mpangilio huu: rojo, kisha chakula chake cha kawaida kilicholoweshwa, kisha kikavu, nafaka mwisho. Kila hatua ingoje alfajiri moja ya gole tupu, na likikutwa limejaa, rudi hatua moja nyuma. Hapo ndipo pa kumpa dawa ya minyoo, si kabla, na uliza unanunua nini. Piperazini, iliyo rahisi na iliyoenea, inaondoa ile minyoo mikubwa ya mviringo tu. Kuna minyoo myembamba kuliko uzi inayojichimbia kwenye ukuta wenyewe wa gole na kulifanya livimbe na kudhoofika, nayo hiyo piperazini haiigusi. Mwambie daktari kuku aliugua gole, atakupa ya levamisole au fenibendazole. Mayai yanayotagwa tangu siku ya dawa mpaka muda ulioandikwa kwenye kibandiko upite yasiliwe. Nyama vilevile.

Halafu tafuta kilichosababisha, la sivyo mtarudi palepale. Mara nyingi ni vijiwe. Kuku wa kufungiwa kwenye banda la sakafu ya saruji hana pa kuvipata, firigisi yake inashindwa kusaga, na foleni inarudi nyuma hadi gole. Mwekee bakuli la changarawe ndogo, ukubwa wa punje ya mtama hadi ya mahindi. Watu wa pwani huponda makombe ya chaza na kome wakadhani wamemaliza. Makombe ni mazuri kwa ganda la yai, lakini yanayeyuka tumboni, hayasagi. Anahitaji vyote viwili, kila kimoja na bakuli lake. Nyasi ndefu zilizokatwa na kutupiwa ndani ya banda nazo ni mtego. Kuku anayekula nyasi zilizo hai ardhini hukata ncha fupi kwa sababu mizizi inamshikia, ila ile iliyokwisha kukatwa anaimeza nzima, urefu wote. Ikate vipande vifupi kuliko kidole au mfungie fungu linaloning'inia, adonoe kidogo kidogo.

Na ua ufagiwe. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, Tanzania tarehe 1 Juni 2019, na mifuko ile ya rambo imepungua kweli mitaani, lakini vifungashio vya karanga, ubuyu na barafu bado vinapeperuka mpaka mlangoni, vikiwa na mabaki ambayo kuku anayafuata. Ukikaa karibu na fundi cherehani au saluni, zungumza nao kwa upole kuhusu wanakomwaga taka zao. Usiende na kuku mkononi.

Chakula kisiachwe kikamwagika hadi kikaota ukungu, hasa pumba wakati wa masika. Na usiwanyime wakashinda njaa, kisha ukawamwagia jioni; kuku mwenye njaa hujaza gole kupita kiasi chake, na gole lililotanuliwa hivyo mara kwa mara ndilo linaloishia kuning'inia.

Siku ya kumrudisha bandani, mrudishe usiku. Mpandishe mwenyewe kwenye kichanja, kati ya wenzake, giza likiwa limeingia, waamke naye. Hata hivyo watamdonoa, kwa sababu kuku aliyekosekana wiki nzima amepoteza cheo chake na lazima akipiganie upya. Weka vilishio viwili, mbalimbali, ili anayefukuzwa kwa kimoja akimbilie kingine. Kusukumana na kukimbizana kwa siku mbili tatu uache kupite. Damu ikionekana kwenye upanga wake wa kichwani, mtoe, umtenge tena na mtetea mmoja mpole kwa siku chache, kisha warudishe wote wawili pamoja.